Chakula cha Mgeni Anayekwenda Ziwani

Vijana wangu wa mapokezi, mmenitaka niandike namna kazi ilivyokuwa, nami nimekubali kwa sharti moja: mishahara na vyeo sitavigusa. Vyeo vyenyewe havikuwepo. Nilianza nyuma ya meza ya mbao nikiitwa Dada Halima wa mapokezi, nikastaafu nyuma ya meza ileile nikiitwa Mama Halima wa mapokezi, na kilichobadilika katikati ni mgongo wangu. Nitawaandikia juu ya swali ambalo wageni walituuliza zaidi kuliko walivyouliza maji ya moto: kiangazi kama hiki, hapa Singida mjini, mtu anastarehe wapi?

Nilianza kazi enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye ukuta akatoboa dirisha la duka. Soda zilirudi, sabuni zikarudi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na mabasi ya watu binafsi yakaanza kugombania abiria. Hata mwalimu wangu wa darasa la nne nilimkuta anauza betri za redio, akaniuzia moja iliyokwisha bila kuona haya. Mzee Sefu, tajiri wangu, alikuwa na ghala la vitunguu na ngozi upande wa kwenda Utemini. Baba yake Mnyaturu, mama yake mtu wa Tanga, na yeye mwenyewe alijaliwa jicho la biashara kutoka pande zote mbili. Aliona malori yanajaa mjini na madereva hawana pa kulala, akaligawa ghala vyumba, akapaka chokaa na kuandika GESTI ukutani kwa rangi ya bluu. Harufu ya vitunguu haijatoka mpaka leo, na nawaomba muache kuwaambia wageni kwamba ni dawa ya mbu.

Siku ya kwanza Mzee Sefu alinionyesha ubao wa funguo. Kila ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha mti kinene, ili mgeni asije akausahau mfukoni akaondoka nao mpaka Mwanza.

"Ufunguo ukiwa kwenye msumari, mgeni katoka," akasema. "Usipokuwepo, mgeni yumo chumbani. Basi, kazi ndiyo hiyo."

Akaenda kuswali. Sehemu ya kazi aliyoisahau nilifundishwa na Mama Elizabeti.

Mama Elizabeti alikuwa mpishi wetu, Mnyiramba wa Kiomboi, Mlutheri wa kanisa la kila Jumapili, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kusongea ugali wa watu wengi. Alikuwa na desturi moja ambayo mwanzoni iliniudhi. Mgeni akitundika ufunguo na kusema anatoka kutembea, Mama Elizabeti alitokea jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akasimama mlangoni katikati, akauliza, "Utakula nini ukirudi?" Wapo waliosema wataona wakirudi. Hao hakuwapisha. Alisimama palepale mpaka mtu ataje kitu, iwe kuku, iwe wali, iwe mlenda tu na ugali wa uwele. Kabla mgeni hajavuka barabara, sufuria ilikuwa imeshabandikwa. Nilidhani ni akili ya biashara. Kuku wa Singida mnamjua, huyo haivi kwa haraka za mtu wa Dar es Salaam, na ukisubiri mgeni arudi ndipo uchinje, atalala na njaa akikutukana.

Sasa nije kwenye starehe. Wageni wengi walikuwa wamesoma kwenye ramani kwamba hapa ni makao makuu ya mkoa, wakaja wakitegemea mji mkubwa wenye bustani na chemchemi za kurusha maji. Niliwapangia siku hivi. Asubuhi mapema, kabla jua halijakolea, panda kwenye mawe makubwa, yale yaliyobebana, ukae juu yake uone mji unavyoamka na maziwa yetu mawili, Kindai na Singidani, yanavyong'aa. Halafu ingia sokoni ununue asali ya watu wa Mitundu, lakini onja kwanza, maana wapo wanaochanganya na maji ya sukari na kukuapia kwa mama zao. Adhuhuri kaa ndani. Hakuna kitu nje adhuhuri ya Oktoba isipokuwa vumbi na mbuzi. Alasiri teremka ziwa Kindai ukapunge upepo, au nenda Singidani uwaangalie wale ndege wekundu wanavyojipanga majini. Jioni urudi ule. Mwezi wa sita na wa saba, hata kama unatoka ughaibuni, beba sweta, kwa sababu upepo wetu hauulizi mtu katoka wapi.

Hayo yalikuwa maelekezo yangu, na sikuwahi kumwelekeza mtu Singidani wakati wa adhuhuri.

Mgeni wa kwanza kuniletea salamu alikuwa Bwana Mathayo, fundi wa mashine za kukamulia alizeti. Wakati ule mashine hizo zilikuwa zinafungwa kila mtaa, na fundi kama yeye alikaa wiki nzima. Siku moja umeme ulikatika, akakosa kazi, akatundika ufunguo saa sita mchana. Mama Elizabeti akamzuia mlangoni, naye Bwana Mathayo akaagiza kuku, akaenda. Aliporudi nilimkabidhi ufunguo na vidole vyake vikagusa vyangu. Vilikuwa vya baridi. Nje bati lilikuwa linalia kwa joto, na yeye alikuwa na vidole vya mtu aliyetoka kufua mtoni alfajiri.

"Ahsante sana Dada Halima," akasema. "Pale uliponielekeza ni pazuri mno."

"Wapi, Bwana Mathayo?"

"Ziwani pale, kwenye kivuli. Na yule mama wa maji anakusalimu."

Nikamuuliza ni mama gani. Akanishangaa kidogo, akidhani namtania.

"Yule mama mzee. Aliniuliza kama nimeagiza chakula, nikamwambia kuku yuko jikoni. Akasema, 'Basi nenda mwanangu, kisipoe.' Anakusalimu sana. Kakutaja jina."

Mimi nimelelewa vizuri. Nikaanza kusema, "Zimefika, na wewe ukimwona msa..." Mama Elizabeti alikuwa ameshafika nyuma yangu. Alinishika bega kwa mkono wenye unga, akamalizia yeye.

"Zimefika," akasema. "Kaa Bwana Mathayo, kuku tayari."

Baadaye, tukiwa wawili jikoni, alinifundisha bila kuacha kuchambua mchele. Salamu za yule nizipokee, maana kumkatalia mgeni salamu aliyobeba ni kumwachia mzigo mwilini. Lakini nisizirudishe. Mtu akikurudishia salamu mmeshafahamiana, na mkifahamiana atakuja kukutembelea au atakutaka wewe uende. Nikamuuliza ni nani yule mama.

"Mimi nimemkuta," akasema.

"Na chakula je? Kwa nini anauliza chakula?"

"Mtu mwenye sufuria motoni ana mahali anapongojwa. Huyo hamzuii. Asiye na sufuria anamwona kama hana kwao." Akapuliza makapi. "Niletee chumvi."

Nilikwenda kuangalia mwenyewe alasiri moja, watu wakiwa wengi ziwani. Nilitafuta kivuli alichokisema Bwana Mathayo. Pale pana mawe mawili mafupi, ardhi nyeupe ya magadi, na hapana mti hata mmoja wa kumfunika kuku.

Miaka ile salamu ziliendelea kuja. Hazikuja kila wiki wala kila mwezi. Zilikuja kiangazi kinapokuwa kikali na ziwa linaporudi nyuma na kuacha ule weupe wake. Dereva wa lori la vitunguu aliniletea. Bwana mmoja wa mifugo kutoka Kintinku aliyekuja mnadani naye aliniletea, mtu wa maneno machache ambaye hakuwa na sababu ya kutunga hadithi. Maharusi waliokuja fungate waliniletea pia, wakanilaumu kwa nini siendi kumtazama yule mama, kwani anaonekana mpweke. Wote walikwenda adhuhuri, wote walisema ni mimi niliyewaelekeza, na wote walirudi na vidole vya baridi. Niliwajibu neno moja tu, "Zimefika," nikawapa funguo zao. Kuna wakati nilijiona hodari kabisa wa jambo hilo, kama karani wa posta anayepokea barua za watu asiowajua.

Halafu Mama Elizabeti akafiwa na kaka yake, akaenda Kiomboi kuzika.

Jiko lilifungwa siku hizo, na Mzee Sefu alitundika kibao kwamba wageni wajitegemee kwa chakula. Chumba cha mwisho alikuwamo Bwana Simoni, muuza vipuri vya baiskeli kutoka Tabora, mtu mchangamfu aliyependa kuimba nyimbo za kwaya akinyoa ndevu. Mchana alinunua mkate na soda dukani kwa jirani, akala amesimama hapo kwenye meza yangu, akatundika ufunguo na kusema anakwenda kupunga upepo. Nilimwambia angoje jua lipungue. Akacheka, akasema kwao Tabora jua ni hilohilo, akatoka.

Jioni ufunguo ulikuwa kwenye msumari. Asubuhi ulikuwa bado upo.

Walikuta viatu vyake ziwani kwenye ule weupe, vimepangwa vizuri, soksi zimekunjwa ndani. Watu walisema amezama. Mwaka ule maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, na vijana waliojitosa kumtafuta walitembea mbali mpaka wakawa wadogo machoni, maji yakiwaishia magotini. Polisi walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaenda. Mkewe alikuja kuchukua mkoba wake. Nilimwandalia kiti na maji, nikajitayarisha kwa maswali mengi, naye aliuliza moja tu.

"Dada yangu, mara ya mwisho alikula nini?"

Nikamwambia mkate. Alitikisa kichwa pole pole, akaufunga mkoba, na mpaka leo nikimkumbuka yule mjane moyo unaniuma. Mama Elizabeti alirudi akapata habari. Alitoa sufuria zote nje, akazisugua kwa mchanga moja baada ya nyingine mpaka zikang'aa, na tangu hapo hakuwahi kwenda msibani bila kumwacha mtu jikoni.

Sasa nifike kwa Rukia, ambaye ndiye aliyenifanya nikubali kuandika haya yote.

Rukia alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Manyoni. Alikuwa akishuka kwetu mara kwa mara akifuata minada, tukawa mashoga. Alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Mwaka ule alikuwa amejifungua mtoto wa kike, akamwacha kwa bibi yake Kintinku ili amalizie mzigo aliokuwa nao, na usiku mmoja alinionyesha kisoksi cha mtoto alichokificha kwenye pochi. Kwa sababu ya uzazi alikuwa ameikosa saumu ya Ramadhani, kwa hiyo alikuwa anailipa siku moja moja, hata safarini. Lori lake lilikuwa linapakia, limecheleweshwa na tairi, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Chumba chini ya bati, mchana wa Oktoba, na mtu amefunga, hebu fikirieni hali hiyo.

Mimi nilikuwa nimekwenda kwa fundi charahani kuchukua mashuka. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona ni ufunguo wa Rukia ukiwa kwenye msumari. Nikaenda jikoni. Mama Elizabeti alikuwa amekaa kwenye kigoda anakata kitunguu. Mafiga yalikuwa na moto mdogo na juu yake hapana kitu.

"Shikamoo Mama. Rukia kaenda wapi?"

"Marahaba. Katoka. Kasema anatafuta upepo."

"Kaagiza nini?"

Mama Elizabeti aliniinulia uso, na nikamwona anavyoelewa taratibu.

"Amefunga," akasema. "Halima, mtu amefunga. Ningemuulizaje chakula mchana?"

Ninyi mliozaliwa mjini huu mnajua. Hapa kwetu Mkristo hali mbele ya jirani aliyefunga, na Mwislamu hapiti na ngoma mbele ya kanisa watu wakisali. Mama Elizabeti siku za saumu alifunika hata sufuria ili harufu isiwasumbue watu. Kumsimamia mlangoni mwanamke aliyefunga na kumuuliza utakula nini, hilo lingekuwa tusi, naye hakuwa mtu wa kutukana. Hatukuwahi kulifikiria, kwa sababu wageni waliofunga walilala mchana. Tulitazamana. Kisha alisimama na kumimina maharage sufuriani bila kuyachambua, jambo ambalo sikuwahi kuona akilifanya.

"Haya ni ya Rukia," akayaambia maharage. Kisha akanigeukia. "Kimbia. Mwambie kwa kinywa chako, ayasikie."

Nilikimbia na kanga mkononi. Mji ulikuwa umelala kama unavyolala saa hiyo, maduka yamefungwa nusu, watu wamejilaza vibarazani. Upepo wa Singida mnaujua, haukomi, na ulinipiga vumbi la macho mpaka mteremko wa ziwani. Nilipofika kwenye weupe, ulikoma. Haukupungua kwanza, ulikoma tu, na nikasikia ndala zangu zinavyokanyaga magadi. Wale ndege wekundu walikuwa wamesimama majini, wote wamenipa mgongo.

Rukia alikuwa amekaa kwenye jiwe mojawapo, kanga begani, amegeuza uso pembeni kama mtu anayesikiliza jirani. Alikuwa anacheka. Jua lilikuwa utosini na mbingu haikuwa na wingu, lakini yeye na yale mawe mawili walikuwa ndani ya kivuli cha duara, kizito, kilicholala juu ya ule weupe bila kitu chochote cha kukitupa. Jiwe la pili lilikuwa tupu. Kwenye vumbi la pale kulikuwa na nyayo za Rukia zinazofika, na hapakuwa na nyingine.

"Halima!" akaniita kwa furaha. "Na wewe umekuja? Njoo ukae, pana baridi nzuri. Nilikuwa naongea na mama hapa."

"Rukia, inuka twende."

"Ngoja kwanza. Mama ananikaribisha maji, namwambia nimefunga. Ana subira huyu! Anasema si neno, tutangoja magharibi wote."

Hapo nikaelewa. Saumu ileile iliyomnyima sufuria ndiyo iliyokuwa imemfunga mdomo asinywe, na yule alikuwa anangoja jua lizame.

"Alikuuliza kama umeagiza chakula?"

"Aliniuliza. Nikamwambia mtu aliyefunga ataagiza nini saa hizi."

"Umeagiza," nikasema kwa sauti kubwa, nikilitazama lile jiwe tupu. "Maharage yako yako motoni. Maharage ya karanga, na viazi. Mama Elizabeti ameyabandika kwa jina lako. Na mwanao yuko Kintinku anakungoja."

Rukia alipepesa macho kama abiria aliyesinzia akashtuliwa kituoni. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi, akataka kusimama na hakuweza. Akaninyooshea mkono nimvute. Ilinibidi niingie kwenye kile kivuli. Baridi yake ilikuwa kama ya kutia mkono mtungini, ikapanda mpaka kwapani, na hapo ndipo nilipoisikia sauti.

"Salamu zangu zilikuwa zinakufikia?"

Ilikuwa sauti ya mama mzee wa kawaida, ya pole, kama wale wanaotuuzia mlenda mkavu sokoni. Laiti ingekuwa ya kutisha ningepata nguvu ya kukimbia. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtoto asiyemwitikia mkubwa alichapwa, na kila kitu ndani yangu kilitaka kusema zilifika, shikamoo mama. Niliuma meno mpaka taya zikauma.

Ikauliza tena, taratibu, bila hasira.

"Na wewe mwanangu, umeagiza?"

Sikuwa nimeagiza. Siku ile sikuagiza, na siku nyingine zote sikuwahi kuagiza. Sisi wafanyakazi tulikula mwisho, tumesimama, kilichobaki kwenye sufuria za wageni, ukoko na mchuzi, na ikitokea hakikubaki kitu tunakunywa chai. Nyumbani nilikuwa nakaa peke yangu chumba cha kupanga. Miaka yote nilikuwa nasikia watu wakiulizwa watakula nini, nami sikuwahi kuulizwa na mtu. Nawaambia ukweli, lile jiwe tupu lilinitamanisha. Nilikuwa nimechoka, na mtu hatimaye alikuwa ameniuliza kwa upole kama nimekula. Nilikuwa nimeshaanza kuinama nikae.

Rukia alinibana vidole kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza.

"Kaagiza, mama," akasema, kwa ile sauti yake ya kubishana bei ya vitenge. "Mimi na yeye tunafuturu sahani moja."

Kisha sauti ikasema, "Haya. Kisipoe," na upepo ukaturudia usoni na vumbi lake lote.

Tulipanda mteremko tumeshikana mikono. Rukia alikuwa anasoma aya kwa sauti ya chini, mimi sikuthubutu kufungua kinywa mpaka nilipoona ukuta wa gesti wenye yale maandishi ya bluu. Mama Elizabeti alikuwa amesimama katikati ya mlango, mwiko mkononi. Alituhesabu kwa macho, mmoja, wawili, akarudi jikoni kuchochea moto.

Magharibi Rukia alifungua kwa tende na maji, akavuta sinia katikati yetu, akanikatia kiazi kikubwa akakiweka upande wangu. Maharage hayakuwa yamechambuliwa, yalikuwa na mawe. Niliyala yote. Mama Elizabeti alikaa kwenye kigoda akinitazama kila tonge ninaloinua, na nilipomaliza alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Miaka yote hii nasimama mlangoni nauliza wageni," akasema. "Wewe uko hapo mezani, sijakuuliza hata siku moja."

Nililia, na Rukia akanitania kwamba naharibu mchuzi.

Asubuhi yake lori lilikuwa tayari, limeegeshwa mbele ya gesti, vitenge vimefunikwa turubai. Rukia alikabidhi ufunguo, akanikumbatia, akafika mpaka mlango wa lori akaweka mguu mmoja juu. Kisha akageuka.

"Halima!" akapaza sauti, mbele ya utingo na wapita njia wote. "Leo utakula nini?"

Niliona aibu. Watu walikuwa wanatutazama, na mimi mtu mzima nimesimama barazani sijui napenda kula nini, kwa sababu sikuwahi kujiuliza. Dereva akapiga honi. Rukia hakusogea.

"Wali," nikasema.

"Sijasikia!"

"Wali! Wali na maziwa!"

Dereva alipiga honi mara ya pili, akatoa kichwa dirishani akilalamika kwamba jua litawakuta njiani. Rukia alibaki vilevile, mguu mmoja chini, akiangalia nyuma yangu, wala hakupanda mpaka Mama Elizabeti alipojitokeza mlangoni na kumwambia kwamba mchele wa Halima umeshaoshwa na maji yako motoni.